Ndege tunanunua, karakana je?

Kwa wale mnaofuatilia habari za hapa Bongo, ratiba ya kupokea ndege mpya mnaijua kwa kichwa. Ndege inatokea angani, inapita chini chini juu ya uwanja ili watu waione vizuri, inazunguka, inatua. Magari ya zimamoto yanaimwagia maji kutoka pande mbili. Ngoma zinalia, viongozi wanapanda ngazi kuikagua, kisha hotuba. Sisi waandishi tunasukumana kupata picha ya twiga aliyechorwa mkiani, na kesho yake twiga huyo yuko ukurasa wa mbele.

Sina ugomvi na sherehe. Mtu akinunua baiskeli mpya anaipitisha mtaani mara mbili, sembuse nchi kununua ndege. Ila shughuli ikishaisha huwa nabaki na swali ambalo halina picha nzuri ya kupiga: hii ndege ikiharibika nani ataitengeneza, wapi, na kwa fedha ya nani? Swali lenyewe ni la zamani kuliko mimi na kuliko ATCL, na nikilifuatilia kwenye historia naona kila mara tulipoanzisha shirika la ndege tulihesabu ndege kwanza, mafundi na vitabu vya hesabu vikafuata baadaye, au havikufuata kabisa. Tuanze mwanzo.

Tarehe 1 Januari 1946 lilianza kuruka Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, maarufu EAA. Lilikuwa la serikali nne za kikoloni: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege sita ndogo aina ya Dragon Rapide, zile zenye mabawa ya ghorofa mbili kama vitanda vya bweni. Hisa ziligawanywa hivi: Kenya asilimia 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9, Zanzibar chini ya moja. Makao makuu yalikuwa Nairobi, na karakana kuu vilevile. Hizo asilimia tisa zetu naomba uziweke mfukoni, tutazihitaji.

Shirika lilikua, tena kwa kasi. Mwaka 1960 lilipata ndege za kwanza za jeti, Comet 4, zilizokwenda London. Zikafuata Fokker F27 kwa safari za ndani. Mwaka 1966 zikaanza kuja Super VC10, ndege kubwa ya Kiingereza yenye injini nne zote zimebandikwa nyuma karibu na mkia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaongezwa DC-9. VC10 zilikuwa tano kwa jumla na namba zao za usajili ziligawanywa kama nyama ya kafara, kila nchi ipate fungu: nyingine zilianza na 5H ya Tanzania, nyingine 5Y ya Kenya, nyingine 5X ya Uganda. Moja kati ya hizo, ya usajili wa Uganda, ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikijaribu kuruka, watu 43 wakafa.

Wazee waliopanda ndege za EAA ukiwauliza leo watakwambia huduma ilikuwa ya daraja la dunia, na sidhani wanatia chumvi sana. Shirika la nchi maskini tatu lilikuwa na ndege za aina ile ile zilizokuwa zikirushwa na Waingereza wenyewe.

Lililoliua halikuwa angani. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Marais watatu ndio walikuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wasipokutana, nani anaamua? Juu ya hilo kulikuwa na ugomvi wa fedha: mapato yaliyokusanywa Dar es Salaam na Kampala yalitakiwa kufika makao makuu, na yakawa hayafiki kama inavyotakiwa. Kenya ikasema inabeba mzigo wa wenzake. Tanzania na Uganda zikasema Kenya ndiyo inayokula matunda kwa kuwa kila kitu kiko Nairobi. Kila upande ulikuwa na hoja, na ndege hazisubiri hoja ziishe. Mwanzoni mwa 1977 EAA ikaacha kuruka. Kenya Airways ilikuwa imeshaanzishwa tarehe 22 Januari mwaka huo. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ukakaa umefungwa hadi 1983. Machi 1977 ikazaliwa Air Tanzania Corporation, ATC.

Sasa toa zile asilimia tisa mfukoni. Ndoa ilipovunjika kila mmoja alibaki na kilichokuwa kwake, na kilichokuwa Nairobi kilikuwa ndicho shirika lenyewe: karakana, ghala za vipuri, vitabu, mafundi waliokaa kazini miaka thelathini. Sisi tulibaki na abiria, viwanja na nia njema. Mali na madeni ya Jumuiya yalikuja kugawanywa rasmi mwaka 1984 kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya, wakiwemo wa shirika la ndege, walidai mafao yao kwa miongo. Nilipokuwa mtoto niliwaona kwenye taarifa ya habari ya usiku, wazee wenye mvi wakiandamana jijini Dar es Salaam. Wakati ule sikuelewa wanadai nini na kwa nini wazee wakae barabarani juani. Baadaye nikaja kuelewa kwamba wengine miongoni mwao ndio waliokuwa wakirusha na kutunza zile VC10.

Na zile VC10 zenyewe? Hapa ndipo historia hii iliponikamata. Nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza kwa mtengenezaji mwaka 1977 kwa sababu ya madeni. Jeshi la anga la Uingereza likazichukua, likazigeuza kuwa ndege za kujaza mafuta ndege nyingine angani, na likazirusha miaka na miaka. Tarehe 25 Septemba 2013 VC10 ya mwisho kabisa duniani iliruka safari yake ya mwisho. Ilikuwa na namba ya kijeshi ZA147, lakini jina lake la kuzaliwa ni 5H-MMT. Hiyo 5H ni yetu! Ndege iliyosajiliwa Tanzania, ambayo kwetu ilionekana imefikia mwisho mwaka 1977, ilikaa angani miaka mingine zaidi ya thelathini baada ya kupata mwenye karakana. Na aliyeipata hakuwa na siri yoyote ila mafundi, vipuri na mtu wa kulipa bili.

Turudi kwa ATC. Ilianza kwa kuokoteza, kisha serikali ikainunulia Boeing 737-200 mbili mpya zilizofika kati ya mwisho wa 1978 na mwanzo wa 1979, zikaitwa Kilimanjaro na Serengeti. Angalia tarehe hizo. Ndiyo wakati majeshi yetu yalikuwa yakipigana na Amin, na bei ya mafuta duniani ilikuwa inapanda kwa mara ya pili ndani ya muongo mmoja. Nchi iliyokuwa ikipanga foleni ya sukari na sabuni ilitakiwa kutoa dola kununua vipuri vya Boeing. Shirika la ndege lina ubaya mmoja ambao kiwanda cha nguo hakina: nauli ya Mwanza inalipwa kwa shilingi, lakini injini, vipuri, bima na mafuta vinalipwa kwa dola. Shilingi ikishuka thamani, hasara inaingia hata kama viti vyote vimejaa. Na katika miaka ya 1980 shilingi ilishuka kama jiwe kisimani.

Kuna tukio moja la miaka hiyo ambalo vijana wenzangu wengi hawalijui. Februari 1982 ndege ya ATC iliyokuwa ikitoka Mwanza kuja Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwishowe Stansted nje ya London, ambako watekaji walijisalimisha. Mwalimu hakujiuzulu. Linastahili makala yake peke yake, nikipata nafasi nitaiandika.

Miaka ya 1990 mambo yalipokuwa magumu tukajaribu kuruka kwa mabawa ya wengine. Katikati ya muongo huo ATC, Uganda Airlines na South African Airways wakaunda Alliance Air kwa safari ndefu. Mwaka 2000 ikafa. Disemba 2002 serikali ikauza asilimia 49 ya ATC kwa South African Airways, thamani ya mkataba dola milioni 20, na Machi 2003 ikazaliwa Air Tanzania Company Limited, hii ATCL ya leo. Mategemeo yalikuwa kwamba mbia mkubwa ataleta ndege, utaalamu na njia mpya. Septemba 2006 ndoa ikavunjika, serikali ikazinunua hisa zake kwa dola milioni moja. Ukisikiliza upande wetu, Wasauzi walitaka kuigeuza Dar es Salaam kituo cha kuwalishia abiria Johannesburg. Pengine. Ila tukumbuke pia kwamba huyo tuliyemtegemea kama mwalimu mwaka 2019 naye aliwekwa chini ya usimamizi maalumu wa kunusuru kampuni zinazofilisika.

Kilichofuata ndicho kinachonisikitisha zaidi katika historia yote hii, kwa sababu hakuna wa kumsingizia. Si Kenya, si Amin, si Makaburu. Mwaka 2007 ATCL ilikodi Airbus A320 kutoka kampuni ya Wallis Trading ya Liberia. Ndege ikafanya kazi muda mfupi, kisha ikapelekwa Ufaransa kwa matengenezo makubwa na kukaa huko muda mrefu, huku kodi ya kila mwezi ikiendelea kuhesabiwa. Yaani ni sawa na kukodi daladala, likalala gereji ya mtu, na wewe kila Ijumaa unapeleka hesabu kwa tajiri. Deni hilo likaja kuwa la serikali, maana yake la mimi na wewe. Disemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikainyang'anya ATCL cheti cha kurusha ndege kwa sababu za usalama. Kikarudishwa Januari 2009. Mwaka 2010 Boeing 737 ikaharibika ilipoteleza kwenye uwanja wa Mwanza. Aprili 2012 Dash 8 ikaanguka Kigoma ikiruka, kwa bahati hakuna aliyekufa. Serikali ya awamu ya tano ilipoingia Novemba 2015, shirika la taifa lilikuwa na ndege moja inayoruka, Dash 8 ndogo. Moja!

Katika miaka hiyo ya ukame mbinguni hapakuwa patupu. Precision Air, iliyoanzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 mikononi mwa Mtanzania, Michael Shirima, ndiyo iliyotubeba Bukoba, Mwanza na Musoma. Mwaka 2003 Kenya Airways ikanunua asilimia 49 yake, na 2011 ikauza hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2012 wakaja fastjet na nauli za bei ya basi, na watu ambao hawajawahi kuota kupanda ndege wakapanda. Mwishoni mwa 2018 fastjet nayo ikasimama, ikiwa imeelemewa na madeni.

Na Precision ndiyo tuliyolia nayo Novemba 6, 2022. ATR iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam iliingia Ziwa Victoria hatua chache kabla ya uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwemo, 19 wakafa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Uwanja ule umekaa kando ya ziwa, ndege zinatua zikitokea juu ya maji, lakini picha tulizoziona siku ile ni za watu wakivuta mkia wa ndege kwa kamba. Nikisikia mtu anazungumzia sekta ya anga kwa kutaja idadi ya ndege tu, huwa nakumbuka kamba ile.

Sasa tufike kwa Magufuli. Septemba 2016 ziliingia Q400 mbili mpya kutoka Canada, zenye viti 76 kila moja. Julai 2018 ikatua Boeing 787-8 ya viti 262. Disemba 2018 na Januari 2019 zikaja Airbus A220-300. Baada yake, chini ya Rais Samia, zikaendelea: Juni 2023 Boeing 767 ya mizigo, Oktoba 2023 Boeing 737 MAX 9 ya kwanza, Agosti 2024 Dreamliner ya tatu. Kutoka ndege moja hadi kumi na sita kwa chini ya miaka kumi. Hata mpinzani mkali hawezi kusema hakuna kilichofanyika. Leo mtu wa Songea au Mpanda anafika Dar es Salaam siku hiyo hiyo na bado ana muda wa kwenda hospitali.

Ila ndege hizo hazikununuliwa na ATCL. Zilinunuliwa na serikali, zikawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na ATCL inazikodi. Mpango huo ulionekana wa busara, maana shirika lenye madeni ya zamani lisingeweza kukopesheka. Lakini ukawa na tundu lake: mtu anayeidai serikali ya Tanzania anaweza kwenda mahakamani ughaibuni na kusema hiyo ndege pale ni mali ya mdaiwa wangu. Mwaka 2017 Q400 ilizuiwa Canada kwa deni la kampuni ya ujenzi. Agosti 2019 A220 ikazuiwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyetaifishiwa mashamba yake hapa nchini miaka ya 1980; ikaachiwa Septemba. Mwaka 2022 A220 nyingine ikakumbwa na hayo hayo Uholanzi, safari hii na Waswidi wa mradi wa sukari Bagamoyo. Unaona? Madeni ya barabara, ya mashamba na ya miwa, yote yanamsubiri twiga uwanjani.

Halafu injini. A220 zinatumia injini za Pratt & Whitney zilizosumbua mashirika dunia nzima, kwa hiyo hilo si kosa la ATCL. Lakini shirika kubwa lenye ndege mia linalaza tano na maisha yanaendelea. Lenye ndege kumi na sita likilaza mbili au tatu, ratiba nzima inaparaganyika. Ndege iliyolala haiuzi tiketi na bima yake haisimami. Vitabu vya CAG vinaonyesha hasara ya shilingi bilioni 35.23 kwa mwaka 2021/22, bilioni 56.64 kwa 2022/23, na bilioni 91.8 kwa 2023/24. Ndege zimeongezeka na hasara imeongezeka nazo.

Wapo watakaosema dawa ni kubinafsisha. Sikubaliani nao haraka hivyo. Kenya Airways iliuza hisa kwa KLM na kwa umma mwaka 1996, ikasifiwa, kisha ikapata hasara mwaka hadi mwaka na haikuona faida tena hadi hesabu za 2024. Na upande wa pili watazame Wahabeshi. Ethiopian Airlines ilifanya safari yake ya kwanza Aprili 1946, miezi mitatu tu baada ya EAA. Ni mali ya serikali asilimia mia. Imepita katika mapinduzi, njaa na vita, na leo ndiyo kubwa kuliko zote Afrika. Walianza kwa kuajiri Wamarekani wa TWA kwa makubaliano ya kufundisha wenyeji, wakajenga chuo na karakana, na leo mashirika mengine ya Afrika yanapeleka ndege Addis Ababa kutengenezwa na vijana kusomea urubani. Serikali zao zilibadilika kwa mtutu, lakini karakana iliachwa ifanye kazi.

Sisi tuna karakana pale KIA. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeanza kufundisha mambo ya anga. Hayo yanapata aya mbili kurasa za ndani, na najua kwa sababu nimewahi kuziandika. Ukileta habari ya mafundi kumi na wawili waliopata leseni, mhariri anakuuliza picha iko wapi.

Disemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lake. Wapo waliojifariji kwamba hata hivyo hatukuwa tunakwenda huko kwa ndege zetu. Juni 2025 orodha ikapanuliwa: mashirika yote yenye cheti cha Tanzania, hadi vile vindege vinavyopeleka watalii Serengeti na Zanzibar. Na watalii wengi wa vindege hivyo wanatoka huko huko Ulaya, wana mawakala wanaosoma orodha hiyo kabla ya kuuza safari. Sababu zilizotolewa hazikutaja uchakavu wa ndege, na zingewezaje, nyingi ni mpya. Zilizotajwa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa kwenye mamlaka ya usimamizi na udhaifu wa ukaguzi wa urukaji na wa ubora wa ndege. Mkaguzi mmoja wa namna hiyo haji kwa sherehe wala hamwagiwi maji. Anasomeshwa miaka kadhaa, anapata uzoefu, na akishaiva mashirika ya Ghuba yanamwita kwa mshahara ambao serikali haiwezi kuufikia.

Ripoti ya CAG hutoka mwezi Aprili. Mara hii nitaanza kwa kutafuta mambo mawili: ndege ngapi zililala na kwa siku ngapi, na mafundi wangapi wenye leseni wameondoka. Mwenye takwimu hizo mapema anajua pa kunipata.